Fimbo Iliyochelewa

Jumamosi, 22 Februari

Vijiti vyote nimevipaka mafuta. Glavu nyeupe zimefuliwa na kuanikwa kivulini. Fimbo ya kiongozi nimeing'arisha kichwa chake cha shaba. Ni kazi zangu za kila Jumamosi kabla ya chai, tangu nilipokabidhiwa kikosi cha ngoma cha kanisa letu hapa Mount Druitt, Sydney. Marehemu mke wangu Felista alizoea kulalamika kwamba fimbo ile niliijali kuliko nilivyomjali yeye. Namwomba radhi. Hata leo nimeipangusa mara mbili.

Mazoezi saa nne, kwenye uwanja wa magari nyuma ya ukumbi. Mchungaji alikuja na mgeni, Bi. Achieng. Mkenya, mfanyakazi wa ofisi huko Parramatta. Alipiga ngoma shuleni kwao Nairobi, kisha chuoni hapa Sydney. "Atakusaidia, Mwalimu," alisema Mchungaji. Sikuwa nimeomba msaada. Nilishukuru.

Alianza kwa kuwanyoosha watoto mikono na mabega, kama wachezaji wa kandanda. Kisha akagawa vibao vya mpira, kila mtoto na chake, wavipige vikiwa mapajani. Ngoma zikabaki ndani ya gari. Nusu ya asubuhi tukawa kikosi cha ngoma bila ngoma. Baadaye akaeleza utaratibu mpya wa kuanza kupiga. Alikuwa amenipa kisogo, akiwaelekea watoto. Sikuyapata yote. Sikupenda kumwomba arudie. Si adabu kumkatiza mgeni siku yake ya kwanza. Aliponigeukia na kuuliza, "Sawa, Mwalimu?" nilijibu kwamba ni sawa kabisa.

Mwishoni walivaa ngoma. Niliinua fimbo. Kabla sijaishusha, wakaanza. Wote kwa pamoja. Hata Upendo, mjukuu wangu, aliye katikati ya mstari wa ngoma ndogo.

Katika maisha yangu ya ngoma, hakuna mtu aliyewahi kuanza kabla ya fimbo.

Nani aliwapa ruhusa?

Jumapili, 23 Februari

Baada ya ibada niliwakuta Mchungaji, Bi. Achieng na binti yangu Agnes wamesimama karibu na birika la chai. Wananong'ona. Nilipofika, wakaacha. Agnes akaniuliza kama nataka sukari.

Anajua kwamba situmii sukari.

Jumatano, 26 Februari

Agnes alirudi kutoka zamu katika nyumba ya wazee anakouguza. Hakukaa. Alilifunga dirisha la jikoni kwa nguvu na kusema kwamba nyenze wa mwaka huu wanamtoboa masikio kwa kelele zao huko mitini. Nilikuwa nimekaa hapo dirishani asubuhi nzima. Mwaka huu nyenze hawakuja. Nilimtazama, hakunitazama. Kisha akachukua simu na kwenda kuzungumzia chumbani kwake.

Mtu hafungi dirisha kwa sababu ya wadudu wasiokuwepo. Hataki jirani asikie. Au hataki nisikie mimi.

Nimefikiria sana juu ya vibao vile vya mpira. Nilipokuwa mvulana, katika shule ya misheni, tulikuwa na ngoma chache na wavulana wengi. Tulijifunzia kwenye benchi moja refu la mninga, sote tumepanga mstari, vijiti mkononi. Kwanza mdomo: ta, rara-ta, ta, rara-ta. Aliyeshindwa kulitamka pigo hakuruhusiwa kulipiga. Kisha benchi. Mwalimu Yeremia, mkuu wa bendi, alikaa mwisho wa benchi, kiganja chake kimelala juu ya mbao, macho ameyafumba kama aliye katika sala. Ghafla alimnyooshea kidole mvulana mmoja kati ya wote, yule aliyekosea. Rula ilifuata, juu ya vifundo vya vidole. Sikumbuki siku aliyomwonea mtu. Tuliamini kwamba Mungu alimfunulia.

Nilipokuwa mwalimu nami niliiga kiganja kile. Sikujua kilikuwa cha nini. Niliona tu kinampa mtu haiba.

Rula niliiacha zamani na siilaumu dunia kwa kuiacha. Lakini vibao vya Bi. Achieng vinalala kwenye paja la kila mtoto, kila mtu na chake. Hakuna mahali pa mwalimu kuweka kiganja.

Jumamosi, 1 Machi

Leo Bi. Achieng kaja na spika ndogo nyekundu iliyounganishwa na simu yake. Alisema inahesabu mapigo, na watoto wataifuata: kwanza polepole, kisha ataiongeza kasi kidogo kidogo. Aliiwasha. Kitaa chake kiliwaka. Spika yenyewe ilikuwa bubu kabisa. Watoto wakapiga vibao vyao huku wakitikisa vichwa, kana kwamba kuna kitu wanachokifuata.

Maigizo. Nilikwenda kusimama karibu na kidude kile ili wajue kwamba nimegundua. Bi. Achieng akasogea. "Iko juu sana, Mwalimu? Nikupunguzie?"

Nilimjibu kwa upole kwamba kwa kiwango hicho hainisumbui hata kidogo. Kejeli yangu ilikuwa ya heshima. Sidhani kama aliielewa. Alibaki akinitazama.

Kisha akagawa vizibo vya masikio, vya rangi ya chungwa. Mpiga ngoma aziba masikio! Hata mpishi basi na afunge pua. Aliponifikia, alinipa viwili na kunisemesha polepole, uso wake karibu na wangu: "Hata wewe, Mwalimu, tafadhali. Masikio hatupewi mengine."

Kwa nini anisemeshe polepole? Kiswahili kilikuwa changu kabla hakijawa chake.

Papa Dieudo, Mkongomani anayefanya kazi ghalani, ndiye mtu mzima pekee katika mistari. Hupiga ngoma kubwa. Alivitia vizibo na kucheka: "Mwalimu, miye hata munizibe masikio yote mbili, hii ngoma nasikiaka na tumbo!" Akajipiga kitambi, kikatoa sauti. Watoto walicheka hadi wakaangusha vijiti. Nami nilicheka. Ni mtu mwema.

Lakini baada ya mazoezi nilimwona akizungumza na Bi. Achieng nyuma ya gari. Nilipopita, alinisalimia upya, kana kwamba hatukuwa pamoja asubuhi nzima.

Jumatatu, 3 Machi

Kumbe mazoezi yanarekodiwa kwa video. Bi. Achieng huituma kwenye kundi la simu ili kila mtoto ajione mwenyewe anapokosea. Mimi simo katika kundi hilo. Nilimwomba Upendo anioneshe. Alinionesha kidogo, kisha akaisukuma mbele kwa kidole, haraka, hadi mwisho.

Nilichokiona kilitosha. Kikosi kinapiga. Fimbo yangu inashuka baada yao, peke yake, kama mtu aliyechelewa kusimama kanisani.

Wananikusanyia ushahidi. Jumapili ya Matawi haiko mbali. Kila mwaka kikosi hutangulia maandamano, na mimi hutangulia kikosi. Yeyote anayeitaka fimbo hii, ataitaka kabla ya siku hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Leo sikuangalia mikono yao. Niliangalia nyuso. Niliamua kuikamata ishara.

Nilipoinua fimbo, wote walinitazama. Watoto wote, bila mmoja kupepesa, na Papa Dieudo pia. Nikasubiri makusudi. Wakaanza bila mimi. Mara ya pili nikaishusha upesi ili niwawahi. Hakuna aliyepiga. Fimbo ikawa chini, kimya kikawa juu yake, kisha wakaingia kwa pamoja, safi, kama mlango unaofungwa na mtu mmoja.

Si macho, kwa kuwa macho yalikuwa kwangu. Si miguu, nimevitazama viatu. Bi. Achieng alikuwa ameketi, mikono mifukoni. Ishara ipo, na kila mtu anaijua isipokuwa kiongozi.

Nyumbani nilimuuliza Upendo waziwazi: mnajuaje wakati wa kuanza? Alisita. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mtu anasikia tu. Kila mtu anasikia. "Babu" ndilo neno pekee la Kiswahili alilotumia. Nilimwambia kwamba mkubwa akiuliza hajibiwi kwa mzaha. Machozi yakamjaa. Aliondoka mezani chakula hakijaisha.

Nilikuwa mkali. Lakini mtu aliyejibu kwa moyo safi hulia kwa nini?

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya jambo ambalo Felista asingelipenda.

Mvua ilinyesha, tukaingia ukumbini. Bi. Achieng aliwagawa watoto katika vikundi, kisha akawarudisha pamoja na kuwauliza, wao, watoto: "Haya, nani aniambie, hapo tumeharibu wapi?" Kwa mtindo wake huu, mwanafunzi humsahihisha mwenzake, na hujisahihisha. Misheni kosa lilikuwa mali ya mwalimu. Yeye ndiye aliyelipata na yeye ndiye aliyelitangaza. Leo huyu mkono juu, yule mkono juu. Mmoja alisema ngoma za kati zinakimbia. Mwingine alisema amelegeza mkono wa kushoto. Kisha mdogo kuliko wote akasema, kwa sauti niliyoipata vizuri kabisa, kwamba fimbo ya Mwalimu ndiyo iliyochelewa.

Upendo alimpiga teke la mguu. Nililiona.

Nilisimama. Nilisema, "Bi. Achieng, naomba uniwie radhi sana kwa kuingilia somo lako. Kama upo mpango wa kuniondoa, ningeshukuru kuambiwa usoni."

"Haki ya Mungu, Mwalimu, hakuna mpango."

"Kuna ishara mnayopeana kwa siri."

"Si siri. Nilieleza siku ya kwanza, mbele yako. Nikakuuliza, ukasema sawa." Kisha akashusha sauti, nikalazimika kumtazama midomo. "Tuongee pembeni, Mwalimu. Tafadhali."

"Mambo ya pembeni nimeyachoka, binti yangu."

Papa Dieudo alikuwa akiitazama ngozi ya ngoma yake kama mtu anayesoma. Nilimwomba radhi Bi. Achieng mara ya pili, nikawaomba radhi watoto, nikachukua fimbo na kwenda kusubiri basi. Fimbo ndefu ndani ya basi ni taabu. Kijana mmoja alinipisha kiti. Sikutaka kiti.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani.

Alhamisi, 20 Machi

Mchungaji alikuja kunijulia hali. Alileta ndizi na zabibu. Watu huwapelekea matunda wagonjwa, mimi siumwi. Alikaa mkabala nami, ingawa palikuwa na kiti karibu, na akazungumza kwa sauti ya mimbari katika sebule ndogo. Alisema kikosi kinanihitaji. Nilimuuliza kwa nini basi alileta msaidizi bila kuniuliza. Alimenya ndizi. Alisema mbinu za siku hizi zimebadilika.

Hilo si jibu. Hilo ni pazia.

Ijumaa, 28 Machi

Agnes alinialika tukanywe chai Parramatta, sisi wawili. Nilifurahi. Nilivaa koti. Tulishuka treni, tukapita maduka na migahawa yenye chai, tukaendelea kutembea. Akasimama mbele ya mlango wa kioo wenye picha ya sikio.

"Baba, ni kupima tu. Ni dakika chache."

"Chai iko wapi?"

"Baba. Nakuomba."

Nilimuuliza ni nani aliyemshauri anilete. Alisema hakuna. Nikauliza tena, kwa kuwa ninamjua mwanangu. Akasema Achieng ndiye aliyemtajia mahali hapa. Ni watu wazuri, wana subira na wazee.

Basi. Nimeuona mpango wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Cheti kutoka kwa mtaalamu, Mchungaji kusikitika, maua, hotuba, na fimbo kwa Bi. Achieng. Niondolewe kwa heshima ili hata kulalamika kuwe ni utovu wa adabu. Na mwanangu mwenyewe ndiye aliyenishika mkono na kunileta.

Nilisema ninasikia vizuri. Nilisema ninamsikia yeye, ninausikia mji, ningemsikia hata mama yake. Kisha nikamwomba radhi kwa kumtaja mama yake namna hiyo, barabarani.

Tulikunywa chai kwenye vikombe vya karatasi pale stesheni. Agnes alisema jambo akiwa ameinamia kikombe. Sikumuuliza alisema nini.

Jumatano, 2 Aprili

Jambo moja linanikera. Ninausikia mlio wa gari la taka. Ninamsikia jirani yetu Msamoa akimwita mbwa wake. Ngoma kubwa ninaisikia hadi kifuani. Ni masikio mazima.

Lakini aliponishushia sauti siku ile ukumbini, kwa nini nilimtazama midomo?

Jumamosi, 5 Aprili

Nimerudi mazoezini. Jumapili ijayo ni ya Matawi, na sikutaka ichukuliwe bila mimi kuwepo kuona. Watoto walisimama wote nilipotokea. Hakuna aliyewaambia wasimame.

Nilikuwa nimepanga njia yangu. Nilimwomba Bi. Achieng, kwa heshima zote, anishikie fimbo ili mimi nikague mistari. Alisita, akaipokea kwa mikono miwili. Nilikwenda kusimama katikati kabisa, bega kwa bega na Upendo. Nilisema moyoni: ishara itapita hapa, na leo nitaikamata.

Bi. Achieng akainua fimbo. Nikaona kijiti cha Upendo cha mkono wa kulia kikinyanyuka na kugonga ukingo wa ngoma yake, ule wa chuma. Mara nne. Mti juu ya chuma, karibu na mkono wangu. Fimbo ikashuka pamoja na la nne. Kikosi kizima kikapiga.

Sikusikia kitu. Yale manne sikuyasikia. Niliyaona.

Niliwaomba warudie. Wakarudia. Kijiti kikagonga mara nne, kikanyamaza mara nne. Niliomba tena, na safari hii niliweka kidole changu juu ya ukingo. Hapo yakaja. Manne, makavu, wazi, kama mtu anayebisha hodi.

Nilimuuliza yule mdogo, aliye mwisho kabisa wa mstari, kama yeye huwa anayasikia. Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameanza kuogopa. Nikamgeukia Papa Dieudo huko nyuma. Alivua kofia. "Hata kule barabarani banasikiaka, Mwalimu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Kumbe spika haikuwa bubu. Kumbe nyenze walikuja.

Niliwashukuru wote. Nilikaa kwenye gari la Agnes hadi mazoezi yalipokwisha.

Jumapili, 6 Aprili

Saa zimerudishwa nyuma leo, kama wafanyavyo hapa kila kiangazi kikiisha, hivyo asubuhi imekuwa ndefu. Niliitumia kumsubiri Bi. Achieng. Nilikuwa nimemwomba Agnes amwalike. Nilivaa koti lile lile la Parramatta.

Nilimwomba radhi kwanza, kabla ya chai, nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba nilimdhania mabaya, tena mbele ya watoto. Alinishika mikono yote miwili. "Mwalimu, mimi pia nimekosa. Ningekuambia mapema. Niliona haya. Nitamwambiaje mzee wa watu kwamba hasikii?"

Kisha akakaa mahali ninapoweza kuuona uso wake, akanieleza yote. Tangu Krismasi ngoma ndogo zilikuwa zikiharibika, nami nikizisifu. Mchungaji aligundua. Agnes alijua kabla yake. Ndiyo maana yeye, Bi. Achieng, aliletwa. Kwa hiyo nilishuku kwa haki: yalisemwa nisiyoambiwa, na yalisemwa juu yangu.

"Zamani tulifundishwa kutazama," alisema. "Macho kwa kiongozi, basi. Siku hizi tunawafundisha wasikilizane. Anayeanzisha ni wa katikati, wengine wanamfuata kwa sikio. Fimbo inafuata hesabu hiyo hiyo."

Nilielewa. Njia ya zamani ilikuwa ya macho, na macho yangu ni mazima. Ningeweza kuiongoza njia ile hadi kaburini bila mtu kujua, hata mimi mwenyewe.

Nilimuuliza kwa nini basi watoto walinitazama vile, wakati hawakunihitaji. Nilidhani aliwaagiza.

"Si mimi, Mwalimu. Walikubaliana wenyewe. Upendo aliwaambia, hata kama tunasikia, tumtazame Babu."

Agnes alikuja kumimina chai katika kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Bi. Achieng alipendekeza kwamba kwa Jumapili ya Matawi waache kugonga ukingo na kuifuata fimbo yangu kama zamani. Wiki moja tu. Watoto wako tayari. Niliitaka siku ile. Sitaandika uongo hapa: niliitaka sana. Nilimwambia hapana. Nimewasikiliza kwa kile nilichobakiwa nacho, na nimewatazama kwa macho yangu, na ninajua kwamba wanapiga vizuri kuliko wavulana wangu wowote, na kuliko sisi wa benchi la mninga.

"Sasa nani ataongoza?" aliuliza.

Nilikwenda kuileta fimbo.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi tulikatiwa na yule jirani Msamoa, mapana kuliko ya mwaka jana. Hewa ilikuwa baridi kidogo. Mbele ya kanisa nilimvika Bi. Achieng glavu zangu. Ni kubwa kwake. Vidole vya glavu vilibaki vitupu nchani, vikapepea. Akataka kuzivua. Nilimwambia azivae. Watu wa mbali huona weupe tu.

Nilikwenda nyuma kabisa, nyuma ya ngoma kubwa. Papa Dieudo alinigeukia: "Mwalimu, hapa nyuma ni sisi bakubwa. Weka mukono hapa, barabara ni mrefu." Akanisogezea mkanda wa ngoma. Niliushika kama mtoto anavyoshika kanga ya mama yake. Kisha nikaweka kiganja kwenye ubavu wa ngoma.

Fimbo ikapanda. Sikusikia kitu, kama ilivyo. Lakini niliona mabega ya watoto yakipanda kwa pumzi moja, na nilijua yale manne yanapita. Fimbo ikashuka. Ngoma kubwa ikanipiga mkononi, kifuani, hadi kwenye meno.

Miaka yote nimetembea mbele. Sijawahi kukiona kikosi changu kutoka nyuma. Visogo, riboni, soksi zinazoshuka. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunitazama bila kugeuka, na hakuna aliyegeuka. Walikuwa wakisikilizana.

Nilihuzunika. Nilifurahi pia. Sikuweza kuvitenganisha, nikaviacha.

Njiani watu wawili waliniuliza kwa nini siko mbele. Niliwajibu kwamba sisikii vizuri. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwomba Agnes anipangie tena siku ya kwenda Parramatta. Alisema ameshapanga. Nilimwambia safari hii chai ianze.

Amelala sasa, ametoka zamu. Upendo hana shule. Kibao chake cha mpira amekisahau ukumbini, kwa hiyo amekuwa akifanya mazoezi kwenye meza ya jikoni, vijiti juu ya mbao tupu. Nilikuwa upande wa pili na chai yangu. Niliona chai ikitetemeka kikombeni, duara ndani ya duara. Nikaweka kiganja juu ya meza.

Yalikuja yote. Kuna mahali alikuwa akikwepa. Pigo la tatu lilikuwa jepesi kuliko wenzake. Nilifumba macho nipate uhakika. Kisha nikamwambia: la tatu ni jepesi, mkono wa kushoto, usiubane. Akarudia. Likawa sawa.

Aliniuliza, kwa Kiingereza, nimejuaje. Nilichukua mkono wake nikaulaza kwenye mbao, nikagonga upande wangu kwa kifundo cha kidole. Alikaa hivyo kwa muda, kichwa ameinamisha.

Nimekuwa nikimkumbuka Mwalimu Yeremia tangu asubuhi. Mwisho wa benchi, kiganja kwenye mninga, macho amefumba. Hakuwahi kutujibu tulipomsemesha kutoka nyuma; tulisema ana maringo.

Nadhani hakuwa katika sala.